Mfuko wa Kushoto

Kwa miaka ishirini na miwili Mama Mfuko alishona mifuko ya kushoto ya mashati, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumjua hata mtu mmoja aliyetia kitu ndani yake. Mfuko ulitoka chini ya sindano yake ukatupwa kapuni, kapu likaburutwa nyuma ya ukuta wa mbao, basi, kwaheri. Huko nyuma walikuwapo wengine wa kuubandika kwenye kifua cha shati. Shati zima hakuliona. Alimwona mwanamke wa kola, aliyekaa kushoto kwake, na mwanamke wa kafu, zile ncha za mikono ya shati, aliyekaa kulia, na watatu hao wakijuliana hali kwa nyusi, maana kuzungumza kulikatazwa.

Aliyekataza alikuwa msimamizi mmoja waliyempa jina la Bwana Saa. Kuvaa saa si dhambi. Dhambi yake ni kwamba saa ile aliwavalisha watu wengine. Alijua choo kinataka dakika ngapi na chafya inataka nukta ngapi. Tena ndiye aliyepigilia madirisha misumari, minne kila dirisha, kwa sababu upepo ulikuwa ukipeperusha vitambaa. Vitambaa vilionewa huruma. Watu walikuwa wengi, wangepatikana wengine. Siku joto la bati lilipowaangusha wanawake wawili kabla ya saa nane mchana, wanawake kumi na mmoja wa safu ya tatu waliondoa miguu kwenye pedali wakakunja mikono. Hawakutukana, hawakuvunja kitu. Walikaa hivyo dakika kumi na tisa, wakidai dirisha moja lifunguliwe. Moja! Dakika ya ishirini walikuwa nje ya geti, kumi na mmoja wote, kila mmoja ameshika kipande alichokuwa akikishona, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kukiacha.

"Wenzangu wanaagwa kazini kwa hotuba na saa ya ukutani," alipenda kusema. "Mimi niliagwa na mfuko. Mtupu."

Imepita miaka ishirini. Ilikuwa Jumanne, saa nane na dakika saba. Mama Mfuko anaweza kusahau chungu motoni, na mumewe ana ushahidi wa vyungu vitatu, lakini hasahau rangi ya wino uliofuta jina lake wala hasahau nani alicheka pale getini.

Tangu siku hiyo cherehani haikuingia nyumbani kwake. Akawa anashona kwa mkono, na hakufundishwa na mtu. Jirani alimpa mfarishi mkuukuu wa viraka autandike chini ya pasi. Yeye akaketi nao wiki nzima akiufumua uzi kwa uzi ili ajue ulivyozaliwa. Alichokikuta kilimfurahisha mpaka akacheka peke yake jikoni. Mfarishi wa namna ile hauna safu. Unaanza katikati, kwa kipande kimoja kikubwa chenye pambo, yeye akakiita kitovu. Kitovu kinazungushiwa mzingo wa kwanza pande zote nne, kisha wa pili, kisha wa tatu, kama maji yaliyorushiwa jiwe. Kila mzingo unapimwa juu ya ule uliotangulia. Ukiwa mrefu kupita kiasi, kitambaa kinavimba mawimbi. Ukiwa mfupi, kinajikunyata kama mtu aliyenyang'anywa shuka. Na anayeshona anaona kazi yake tangu kuzaliwa mpaka kukua, hakuna ukuta wa mbao.

Kwa hiyo, ilipokaribia kutimia miaka ishirini ya zile dakika kumi na tisa, na wanawake wale kumi na mmoja walipokubaliana kukutana Jumamosi ya tarehe hiyo nyumbani kwa mwanamke wa kola, Mama Mfuko alisimama akatoa ahadi mbele ya wote. Kila mmoja amletee kile kipande alichotoka nacho getini. Atavikusanya, atafanya kitovu cha shati zima, na siku hiyo watalitazama shati lao kwa mara ya kwanza.

Ahadi ni deni, hilo halina mjadala. Lakini hili lilikuwa na shida yake. Vipande vililetwa kimoja kimoja, vingine vimetoboka, kimoja kimegeuzwa kitambaa cha kushikia sufuria. Na kwa kuwa siku ile safu ilikuwa ikishona saizi mbili, mkono wa kulia ulikuwa wa jitu na wa kushoto wa kijana aliyekonda.

"Shati la tajiri," alisema mwanamke wa kafu alipoviona mezani. "Mkono mrefu wa kupokea, mfupi wa kutoa."

Aliyeshona mgongo akanuna. "Nyie wote mtaonekana. Mgongo wangu utalala chini kama kawaida ya migongo."

Mama Mfuko akafikiri siku mbili, akapata jawabu. Akavifungua vifua viwili vya shati huku na huku kama mbao za dirisha, mgongo ukaonekana katikati, mweupe, na mikono imetandazwa. Mfuko wake mwenyewe akaushona pande tatu tu, juu akauacha wazi. "Mfuko usioingia mkono ni kiraka," alisema.

Ikabaki kola. Kola ilikuwa imepotea. Mwenye kola aliitafuta sandukuni na chini ya godoro, akamshuku hata paka. Ilipatikana siku kumi na mbili tu kabla ya ile Jumamosi, imefungia kifuniko cha chupa ya mafuta ya taa. Na kitovu kisipokamilika, huwezi kupima mzingo wa kwanza. Usipopima wa kwanza, wa pili utaupima wapi? Mizingo mitano, siku kumi na mbili, mikono miwili.

"Nyumba nzima itasaidia," alisema Mama Mfuko.

Nyumba nzima ilikuwa watu watatu. Mumewe, fundi bomba aliyestaafu, mtu wa kifua kipana na nyimbo mbili, ambazo alizijua nusu nusu. Wifi yake, dada mkubwa wa mume, aliyekuwa karani wa posta miaka thelathini, na mpaka leo hawezi kuona karatasi bila kutamani kuigonga muhuri. Na binti yao, mwalimu wa hesabu, ambaye kila jioni alirudi na furushi la madaftari na kalamu nyekundu nyuma ya sikio.

Wote walikubali kwa furaha. Meza ya chakula ikasogezwa katikati ya sebule. Siku ya kwanza walicheka mno, mume akajichoma sindano akaiita sindano mwanaharamu, wifi akamwambia, "Mdogo wangu, bomba halichomi, ndiyo maana mlipatana."

Siku ya pili Mama Mfuko aliona kwamba kazi haiendi. Kila mtu anakata, kila mtu anashona, kila mtu anatafuta mkasi. Akawapanga. Mume akate pembetatu, basi, asiguse kingine. Wifi azipange mbilimbili na kuzipiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza tu. Binti aziunganishe kuwa ukanda. Yeye mwenyewe ashone mishono ya kudumu. Kazi ikaanza kukimbia! Mzingo wa kwanza ukaisha siku ya nne, na Mama Mfuko akalala usingizi mnono.

Siku ya tano alileta saa ya jikoni akaisimamisha mezani, "ili tujue tulipo." Siku ya sita akagundua kwamba mume akiimba mkasi unafuata wimbo, na wimbo wenyewe ni wa polepole.

"Usiimbe, mume wangu."

"Nikohoe je?"

"Kohoa haraka."

Siku ya saba chai ikahamia baada ya kazi, kwa sababu ya madoa. Ilikuwa sababu nzuri. Sababu zote zilikuwa nzuri. Siku ya nane, Jumatatu, upepo uliingia dirishani ukapeperusha pembetatu thelathini hadi chini ya kabati, Mama Mfuko akainuka, akalifunga dirisha na kulitia komeo, akarudi kukaa. Wifi alimtazama mdogo wake. Mdogo wake alimtazama binti. Binti aliinamia daftari, akaandika kitu kwa wino mwekundu, na hakikuwa hesabu.

Jumanne jasho lilimtiririka fundi bomba mpaka likadondokea pembetatu.

"Wifi," alisema karani wa posta, amenyoosha kidole juu kama mtoto wa darasa la kwanza, "naomba ruhusa niende chooni."

"Nenda, lakini usikawie," alijibu Mama Mfuko, na hakuinua uso.

Mume aliuma midomo yote miwili. Mabega yalimtikisika. Yeye Mama Mfuko alikuwa anahesabu mishono, hakuona kitu.

Jumatano saa kumi na dakika mbili, mikasi ilinyamaza.

Mama Mfuko alishona mishono mingine sita kabla ya kusikia ule ukimya. Aliinua macho. Mumewe ameweka mkasi mezani, amekunja mikono. Wifi amechomeka sindano kwenye pamba, amekunja mikono. Binti amefunika kalamu, amekunja mikono. Watatu wamekaa wima kama picha ya kitambulisho.

"Nini?" alisema Mama Mfuko.

Fundi bomba akaikaza mikono yake kifuani.

"Mmekula nini nyie? Jumamosi hiyo hapo mlangoni! Mzingo wa tatu haujaanza. Mume wangu, shika mkasi."

"Siwezi," alisema mume kwa upole. "Chama hakijaniruhusu."

"Chama gani?"

Binti akasimama, akakohoa, akafunua karatasi iliyoandikwa kwa wino mwekundu. Mwandiko ulikuwa wa ubaoni, wa mwalimu anayetaka hata wa nyuma waone.

"Sisi wafanyakazi wa meza ya sebuleni," akasoma, "tumeweka chini vifaa saa kumi na dakika mbili. Tunadai haya. Moja, dirisha lifunguliwe. Mbili, saa irudi jikoni kwao. Tatu, fundi bomba aruhusiwe kuimba."

"Hilo la tatu mimi nilipinga," alisema wifi. "Liandikwe kwamba nilipinga."

"Limeandikwa, shangazi. Nne, kila mtu apewe kushona kitu chenye mwanzo na mwisho. Tusiposikilizwa tutakaa hivi dakika kumi na tisa."

Mama Mfuko alicheka. Kisha akaona kwamba hawacheki naye, akakasirika. Alikuwa mtu wa kukasirika vizuri, kwa ushahidi na tarehe. Akawaambia kwamba hii si kampuni, hapa hakuna aliyefungiwa geti. Kwamba anayefanya kazi kuliko wote ni yeye. Kwamba aliahidi mbele ya watu kumi, na ahadi hiyo ni ya kutimiza miaka ishirini, na yeye hatawapelekea wenzake nusu ya mfarishi kwa sababu kuna mtu anataka kuimba.

"Mke wangu," alisema fundi bomba, "tangu wiki iliyopita nimekata pembetatu mia nne na kumi na mbili. Nakuuliza kwa heshima zote: zinakwenda wapi?"

"Zinakwenda kwa wifi."

"Akishazipata?"

"Anazipiga bandi. Si unamwona? Yuko mkono mmoja kutoka ulipo!"

"Namwona. Lakini kuinua kichwa nimeacha. Nikiinua unaitazama saa."

Mama Mfuko akazitafuta tarehe zake, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini hazikuja.

Binti alizunguka meza akaja karibu. Kitovu kilikuwa mbele yao, lile shati jeupe lenye mikono ya watu wawili, vifua vyake vimefunguliwa huku na huku.

"Mama," alisema, sasa bila sauti ya ubaoni, "hadithi ya dirisha nimelishwa kabla ya uji. Naijua misumari ilikuwa mingapi. Hapa umeshona dirisha wazi kwa mkono wako, zuri hivi. Halafu lile pale umelitia komeo. Kwa sababu ya upepo."

Mama Mfuko alilitazama dirisha. Kioo kilikuwa na ukungu wa pumzi zao. Nje, ng'ambo ya barabara, kinyozi alikuwa akimpaka mteja povu kivulini, kiti kimetolewa nje, watu wanapunga hewa yao bila kuomba kwa mtu. Akamtazama mumewe: fulana imemganda mgongoni. Kwa sababu ya upepo. Maneno yale yale, herufi kwa herufi. Bwana Saa angalau alikuwa akilipwa kuyasema.

Alisimama. Akaenda dirishani, akavuta komeo, akalisukuma kwa viganja viwili kwa nguvu zote alizoziweka akiba tangu Jumanne ile.

Upepo ulikuwa ukisubiri. Uliingia kwa pupa, ukazunguka sebule mara moja, ukazoa pembetatu zote za mzingo wa tatu kutoka mezani na kutoka nazo nje kwa lile lile dirisha kama kundi la ndege lililofunguliwa tundu.

"Pembetatu zangu!" alipiga kelele fundi bomba.

Walitoka mbio wote wanne, karani wa posta akiwa wa mbele, kiatu kimoja mguuni. Barabara yote ilikuwa na pembetatu nyekundu na za buluu. Mama Mfuko aliokota huku akicheka mpaka akajishika mbavu, na kila aliyepita alipewa kazi bila kuulizwa. Kinyozi alivuka barabara akiwa ameshika kitambaa kimoja kwa ncha za vidole. Mteja wake alifuata nyuma, upande mmoja umenyolewa, upande mwingine una povu lenye alama ya pembetatu.

"Mama, hiki kilimtua shavuni," alisema kinyozi. "Kidogo nimkate nacho."

"Basi kitakwenda kwenye mfarishi na povu lake," alisema Mama Mfuko.

Waliporudi ndani aliichukua saa mwenyewe akairudisha jikoni. Akabandika chai. Akawapa kila mmoja kikombe, hapo hapo mezani, juu ya vitambaa, na alipokaa akasema, "Mligoma dakika ngapi?"

"Nane," alisema wifi. "Ulituvunjia mgomo kwa kukubali mapema. Si adabu."

"Zilizobaki kumi na moja nitakudai siku nyingine," alisema mumewe.

Wakagawana. Mizingo mitatu iliyobaki, kila mmoja wake, aukate, aushike, aushone apendavyo: wa tatu wa binti, wa nne wa wifi, wa tano, wa nje kabisa, wa fundi bomba. Mama Mfuko, mwenye miaka arobaini na miwili ya sindano mkononi, akawa mtunga uzi. "Uzi!" wanaita, naye anatunga. Alikaa juu ya mikono yake ili isiende kunyoosha vya watu. Ilikuwa kazi ngumu kuliko mifuko.

Binti alipanga pembetatu zake kwa hesabu, nyekundu moja buluu mbili, nyekundu mbili buluu tatu, na shangazi yake akamwambia kwamba hata blanketi litahitaji masomo ya ziada. Shangazi mwenyewe alikata vipande vidogo vya mstatili kwa mkasi wa meno, kila kimoja na kingo zake za kukatikakatika kama stempu, akavipanga zaidi ya mia moja kuuzunguka mfarishi, na katikati ya kila kimoja akashona duara la uzi mweusi. Muhuri. "Sasa hii ni barua," alisema, "inaweza kufika."

Fundi bomba aliimba. Wimbo wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa kwanza tena.

Ijumaa asubuhi alileta kazi yake: kanda nne nene za ovaroli yake ya kazini, buluu iliyochujuka, kila ukanda una mishororo ya uzi mwekundu inayozunguka kama nyuzi za parafujo kwenye ncha ya bomba. Kazi safi, hakuna aliyetegemea. Mama Mfuko akaulaza ukanda wa kwanza kando ya mfarishi. Ulikuwa mfupi. Shubiri moja kamili upande huu, shubiri moja kamili upande ule. Wa pili hivyo hivyo. Wote wanne.

"Ulipima wapi?" aliuliza.

"Juu ya mfarishi. Jana asubuhi."

"Jana asubuhi mzingo wa dada yako ulikuwa bado!"

Fundi bomba alikuna kichwa. Alikuwa amepima juu ya wa tatu, si wa nne, kwa kuwa alitaka kumaliza kabla ya dada yake, aliyekuwa akishindana naye tangu enzi za kugombea kijiko.

"Miaka arobaini unafunga mabomba," alisema dada mtu, "na hujui kwamba la nje hupita la ndani?"

Mama Mfuko alikuwa tayari ameshika wembe wa kufumulia. Alijua la kufanya: kufumua, kukata upya, kushona yeye mwenyewe, mishono midogo, kila kitu sawasawa, na kumaliza hata ikibidi asile. Wembe ulikuwa umefika kwenye uzi wa kwanza mwekundu.  Mumewe alikuwa amekunja mikono, lakini safari hii haikuwa mchezo; alikunja kama mtu anayesubiri jina lake lifutwe.

Akauweka wembe mezani.

"Fundi," alisema, "bomba likiwa fupi kwenye kona, unafanyaje?"

Fundi bomba alimtazama, kisha akautazama mfarishi. Akapiga magoti sakafuni, akapima pembe kwa shubiri, huku na huku, midomo ikitembea. Uso ukamfunguka.

"Unatia kiwiko!" alisema. "Bomba haliongezwi kwa kuvutwa, mke wangu. Kila kona kiwiko chake, kinazunguka kona na kudaka mabomba haya mawili."

Akakata viwiko vinne kutoka kwenye magoti ya ile ovaroli, pale buluu ilipokuwa bado nzito, kila kimoja na umbo la mkono uliokunjwa. Vikaingia barabara, kama vilivyopangwa tangu mwanzo. Pembeni pa mfarishi pakalala tuli, bila wimbi, bila kikunyanzi. Wifi alipapasa kona zote nne akitafuta kosa, hakulipata, akaudhika.

Mchana ule wakalaza tabaka tatu, shuka chini, blanketi kuukuu katikati, viraka juu, wakauzunguka mfarishi wote wanne wakifunga mafundo kila baada ya kiganja. Dirisha lilikuwa wazi. Hakuna aliyetazama saa, na jua lilikuwa bado halijazama walipomaliza.

Jumamosi mwanamke wa kola alikuwa ametoa viti vyote nje ya sebule yake ili wapate sakafu. Mwenyeji kando, walifika tisa, wamenenepa, wamekonda, mmoja na fimbo, na Mama Mfuko wa kumi, nyuma yake wale watatu wa meza ya sebuleni wamebeba mfarishi kama wanamwingiza bibi harusi. Wakautandaza.

 Mwanamke wa mgongo akapiga magoti, akaweka kiganja katikati ya shati.

"Loo," alisema. "Kumbe mgongo wangu ndio unaowashika nyote."

Basi kelele zikaanza. Kila mmoja alitafuta kipande chake, akautafuta mshono wake, akausifu kama mtoto wake. "Kafu yangu hiyo! Tazama inavyokaa!" "Mbona mkono wako umekuwa mrefu hivyo, ulikuwa ukimshonea twiga?" Wa vifungo alihesabu vifungo vyake akakuta kimoja kimepungua, akaapa kwamba Bwana Saa ndiye aliyekimeza. Mwanamke wa kola alizunguka mizingo kwa kidole, mmoja mmoja, akitoka ndani kwenda nje: hizi pembetatu za hesabu, hizi barua, hii ovaroli. Akasimama kwenye kona.

"Hiki nini?"

"Kiwiko," alisema fundi bomba, kifua mbele.

"Kinavuja?"

"Chini ya mikono yangu, mama, hakijavuja kitu tangu nizaliwe."

"Mwongo," alisema dada yake. "Hata usingizini anavuja."

Wakiwa bado wanacheka, mwanamke wa kola akauingiza mkono kwenye mfuko wa kushoto, kama mtu anavyofanya akiuona mfuko, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Mama Mfuko aligeuka kumtazama binti yake. Binti yake alikuwa akitazama dari.

"Kuna barua," alisema mwanamke wa kola. Akavaa miwani, akaifunua, akasoma kwa sauti, wino mwekundu ukimmulika usoni. "Sisi wafanyakazi wa meza ya sebuleni tumeweka chini vifaa saa kumi na dakika mbili. Tunadai haya. Moja, dirisha lifunguliwe..."

Akakatisha. Sebule yote ikamgeukia Mama Mfuko. Wanawake kumi, nyusi kumi zimepanda, zile zile nyusi walizozungumza kwazo kiwandani miaka na miaka.  Angeweza kueleza. Sababu zote zilikuwa nzuri.

"Walikugomea?" aliuliza mwanamke wa kola. "Wewe?"

"Mimi," alisema Mama Mfuko.

"Kwa ajili ya dirisha?"

"Dirisha. Na saa. Na nyimbo za huyu."

Mwanamke wa kola aliishusha miwani hadi ncha ya pua. "Ukafanyaje?"

"Nililifungua," alisema Mama Mfuko. "Wakiwa kwenye dakika ya nane."

Mwanamke wa kola akahesabu kitu kichwani. Kisha akaikunja ile karatasi mara nne, akairudisha mfukoni, akaugonga mfuko kwa kiganja ili ikae.

"Nane," aliwaambia wenzake. "Amemzidi Bwana Saa kwa milele nzima."

Fundi bomba akaona mlango umefunguka, akaanza wimbo wa kwanza. Hakuna aliyemkataza. Wifi alinyoosha kidole juu, akaomba iandikwe kwamba alipinga.